Mlango Ulio Chini ya Ngazi

Nyumba ya jiwe la kahawia ya New York, ile ambayo Wamarekani huiita braunstoni, ina milango miwili, na yote miwili inatazama barabarani. Mmoja uko juu, mwisho wa ngazi ya mawe yenye vidato kumi au zaidi: mlango mrefu wa mbao nzito, umezungushiwa nakshi za maua na majani. Mwingine uko chini ya ngazi hiyohiyo, kivulini, nyuma ya geti dogo la chuma. Picha za nyumba hizi, na zimepigwa nyingi mno, huonyesha mlango wa juu. Mimi naona wa chini ndio wenye habari. Ukiufuatilia mlango huo tangu nyumba ilipojengwa, ukauliza katika kila kizazi ni nani aliyepita pale na alikuwa akienda kufanya nini, utaifahamu historia ya nyumba hizi kwa namna ambayo vitabu vya mitindo ya ujenzi haviwezi kukupa.

Kwa nini milango miwili upande mmoja? Jibu liko kwenye ramani. Mwaka 1811 makamishna watatu waliokabidhiwa kazi ya kupanga kisiwa cha Manhattan walitoa mchoro wa mistari iliyonyooka: barabara kuu 12 zinazokwenda kaskazini, na mitaa 155 inayozikata. Viwanja vikazoeleka kugawanywa kwa futi 25 mbele na futi 100 kwenda nyuma, vimebanana ubavu kwa ubavu. Vichochoro vya nyuma havikuachiwa nafasi. Boston, ilipofukia maji ya Back Bay kuanzia miaka ya 1850 ili ipate ardhi ya kujenga, ilipitisha vichochoro nyuma ya safu zake za nyumba. New York haikuwa navyo. Makaa ya mawe, majivu, barafu, nyama, nguo chafu na mtumishi aliyezibeba, vyote ilibidi viingie na kutoka kwa mbele, mbele ya macho ya wapita njia. Waholanzi walioanzisha mji huo katika karne ya 17 walikuwa wameacha desturi ya kuinua mlango wa nyumba juu ya ngazi. Wajenzi wa karne ya 19 waliichukua desturi hiyo, wakairefusha ngazi, wakapata chini yake nafasi ya kumpitisha mtumishi bila kumchanganya na mgeni. Sebule ikapanda, jiko likateremka.

Ndani, mpango uliendelea vilevile. Chini kabisa, nusu yake ikiwa imezama ardhini, palikuwa na chumba cha kulia upande wa mbele na jiko upande wa bustani. Juu ya ngazi ndipo ilipokuwa fahari ya nyumba: sebule mbili zinazofuatana, zimetenganishwa na milango inayoteleza na kuingia ndani ya ukuta, dari ndefu zenye mapambo ya plasta, meko ya marumaru, na kioo kirefu kati ya madirisha ili mwanga wa taa za gesi uzidi maradufu. Ghorofa zilizofuata zilikuwa za kulala wenye nyumba na watoto wao. Juu kabisa, chini ya paa, ambako joto la Julai na baridi ya Januari huingia kwanza, walilala watumishi. Katika miaka ya katikati ya karne ya 19 wengi wao walikuwa wasichana kutoka Ireland, nchi iliyokumbwa na njaa kuu kuanzia mwaka 1845. Siku ya msichana huyo ilianza chini kabisa na kuishia juu kabisa. Katikati, kwenye uzuri wote, alipita tu, mikono imejaa.

Jiwe lenyewe lina asili ambayo msomaji wa Kenya au Tanzania hatashindwa kuitambua. Takriban miaka milioni 200 iliyopita, wakati Afrika na Amerika ya Kaskazini zilipokuwa bado bara moja na zikaanza kuachana, ardhi ilipasuka na kudidimia katika mabonde marefu. Ni kazi ileile ya ardhi inayoendelea leo katika Bonde la Ufa, kutoka Turkana hadi Magadi na Natron. Bonde moja kati ya hayo, ambalo sasa linapitiwa na Mto Connecticut, halikufika mwisho wa kupasuka: bahari ilifunguka mahali pengine, nalo likabaki kovu katikati ya nchi kavu. Mito ililijaza mchanga na tope lenye chuma, na chuma hicho kilipopata hewa kikageuka kutu, ndipo ikatoka rangi ya kahawia. Dinosaria walitembea juu ya tope hilo. Mwaka 1802 kijana mmoja wa shambani huko South Hadley, Massachusetts, alifukua bamba la jiwe lenye nyayo za vidole vitatu, na majirani wakasema ni za kunguru wa Nabii Nuhu. Mwaka 1835, huko Greenfield katika bonde hilohilo, mawe yaliyoletwa kutandikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu yalionekana yana nyayo kama hizo, na mwanazuoni Edward Hitchcock akatumia maisha yake yaliyobaki kuzikusanya na kuziandika, akiamini ni za ndege wakubwa wa kale. Waliokuwa wakijenga New York hawakuwa na muda wa nyayo. Walitaka mawe.

Mawe yalitoka New Jersey, na zaidi ya yote Portland, Connecticut, ambako machimbo yako kandokando ya mto. Huo ulikuwa ufunguo wa biashara yote: jiwe laini kiasi cha kuchongeka kwa urahisi, lililo karibu na maji, linalopakiwa jahazini na kushuka na mto hadi baharini, kisha moja kwa moja hadi gati za Manhattan na Brooklyn. Siku za neema ya machimbo hayo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, zaidi ya watu elfu moja walifanya kazi humo, wengi wao Waayalandi na baadaye Waswidi, pamoja na maksai na farasi waliokokota mawe kutoka shimoni. Hili linanigusa kila ninapolifikiria: kwamba kaka angeweza kuwa shimoni Portland akilikata jiwe, na dada yake akawa New York akipita chini ya jiwe hilo kila alfajiri kwenda kuwasha moto wa watu wengine.

Kwa muda mrefu jiwe la kahawia lilikuwa la watu wasiotaka kutumia pesa nyingi. Jengo la City Hall la New York, lililokamilika mwaka 1812, lilipewa marumaru mbele na ubavuni, na mgongoni likawekwa jiwe la kahawia kwa kuokoa gharama. Nyumba za wakati huo zilikuwa za matofali mekundu, na jiwe la kahawia lilitumika kwenye vidato na vizingiti tu. Mambo yaligeuka miaka ya 1840. Kanisa la Trinity la msanifu Richard Upjohn, lililofunguliwa mwaka 1846 kwenye kichwa cha Wall Street, lilijengwa lote kwa jiwe la kahawia la New Jersey, na watu wenye uwezo wakaona kumbe rangi hiyo inaweza kuwa na heshima, hata huzuni ya kupendeza. Mtindo wa Kiitaliano ukaingia, wenye mapambo mazito juu ya madirisha na ukingo mpana wa paa, nao ulihitaji jiwe linalochongeka. Mashine za mvuke zikaanza kukata na kuchonga kazi iliyokuwa ikimchukua mwashi siku nyingi. Mjenzi aliyejenga ili auze, bila kumjua mnunuzi, akaweza kusimamisha safu nzima ya nyumba kumi zinazofanana na kila moja ikaonekana kama jumba.

Kuonekana ndiyo kazi yaliyopewa mawe hayo. Nyumba ya jiwe la kahawia si ya jiwe. Ni ya matofali, na mbele tu ndipo pamevishwa mabamba ya jiwe yenye unene wa inchi 4 hadi 6. Zunguka nyuma, upande wa bustani, utaona tofali tupu. Na hata hayo mabamba yaliwekwa vibaya. Jiwe la mchanga lina matabaka, kwa sababu lilijengeka tabaka juu ya tabaka chini ya maji. Mwashi mwenye subira hulilaza ukutani kama lilivyolala ardhini, ili uzito wa ukuta uyabane matabaka hayo. Wajenzi wa New York waliyasimamisha mabamba wima, tabaka likitazama barabara, kwa kuwa hivyo jiwe hutoa uso mpana, laini, usio na mistari, tena kwa gharama ndogo. Lilisimama pale kama kitabu kilichoachwa wazi mvuani. Maji yaliingia kati ya kurasa, baridi ikayagandisha, barafu ikatanua, ukurasa wa kwanza ukadondoka. Isitoshe, jiwe lililotoka machimboni lilipaswa kukaushwa kwanza, likae juani mpaka unyevu wake utoke. Lakini soko halikungoja. Wajukuu wa wanunuzi wa kwanza walikuwa bado hai pale nakshi zilipoanza kumomonyoka na kuwa vumbi kwenye vidato.

Sipendi kuwalaumu wafu kwa urahisi, lakini hapa lawama inastahili. Walijua. Waashi wa Ulaya walikuwa wakilaza mawe ya mchanga kwa matabaka yake kwa karne nyingi kabla Portland haijauza bamba hata moja. Kasoro hiyo ilichaguliwa na watu ambao hawakukusudia kuwepo itakapojitokeza.

Edith Wharton, aliyezaliwa mwaka 1862 katika nyumba iliyoko Mtaa wa 23, aliandika uzeeni kwa uchungu juu ya mji wa utoto wake uliopakwa rangi moja ya chokoleti, asione chochote cha kupendeza katika jiwe hilo. Lewis Mumford, katika kitabu chake cha mwaka 1931, aliitumia rangi ya kahawia kuipa jina enzi nzima iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Jiwe lilienda mbali pia. Tajiri wa madini ya fedha James Flood alilisafirisha kutoka Connecticut mpaka San Francisco kujengea kasri lake la mwaka 1886 juu ya kilima cha Nob Hill, na kuta zake zilibaki zimesimama baada ya tetemeko na moto wa mwaka 1906. Chicago, kwa upande wake, ilipenda jiwe la chokaa la Indiana, la kijivu. Na ni Chicago iliyoyafunga masoko ya jiwe la kahawia: maonyesho makubwa ya mwaka 1893, yenye majengo yake meupe kando ya ziwa, yaliwafanya matajiri waone nyumba zao za zamani kuwa za giza. Wakahama. Wakaacha milango yote miwili.

Harlem ilikuwa imejengwa kwa ajili ya hao waliokuwa wakihama. Reli za juu zilifika huko karibu na mwaka 1880, na safu za nyumba zikazifuata, kwa matumaini kwamba tabaka la kati la wazungu litapanda kaskazini daima. Treni ya chini ya ardhi ilipokaribia, walanguzi walijenga kupita kiasi, na mwaka 1904 na 1905 soko likaanguka. Nyumba zilikaa tupu. Philip Payton, kijana Mweusi aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1876, alianzisha mwaka 1904 kampuni ya kupangisha na kununua majengo ya Harlem kwa ajili ya watu Weusi, ambao kwingineko mjini walikuwa wakilipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu. Kampuni yake haikudumu miaka mingi, ila mlango ulikuwa umeshafunguka. Kwenye mitaa ya 138 na 139, safu nzuri zilizojengwa kati ya mwaka 1891 na 1893 kwa michoro ya wasanifu kama Bruce Price na ofisi ya McKim, Mead & White zilikataliwa kwa watu Weusi mpaka mwaka 1919. Ndipo madaktari, mawakili na wanamuziki wakaingia, na majirani wakaziita Strivers' Row, safu ya wanaojitahidi. Safu hizo, tofauti na karibu nyumba zote za Manhattan, zina vichochoro vya nyuma.

Mshairi Langston Hughes aliishi katika nyumba ya jiwe la kahawia, namba 20 Mtaa wa 127 Mashariki, kuanzia mwaka 1947 hadi alipofariki mwaka 1967, pamoja na Emerson na Toy Harper, marafiki wa familia yake. Aliandikia ghorofa ya juu. Ni nyumba hiyo aliyotoka Juni 1962 kwenda Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika ambao kijana mmoja mwanafunzi wa pale, Ngũgĩ wa Thiong'o, alihudhuria pia. Na mtaa mmoja tu kusini mwa nyumba ya Hughes, tarehe 12 Agosti 1958, wanamuziki 57 wa jazi walijipanga mbele ya ngazi ya nyumba namba 17 Mtaa wa 126 Mashariki kupigwa picha na Art Kane kwa ajili ya jarida la Esquire. Thelonious Monk yumo, Mary Lou Williams yumo, Dizzy Gillespie, Lester Young. Count Basie amekaa ukingoni mwa barabara, na watoto wa mtaa wamejipanga kando yake. Ngazi iliyojengwa kumwinua mwenye nyumba juu ya wengine imekuwa jukwaa, na kila aliyefika alipata pa kusimama.

Lakini kitovu cha habari yangu kiko ng'ambo ya mto, Brooklyn. Mwaka 1936 reli ya chini ya ardhi iliunganisha Harlem na Bedford-Stuyvesant, na familia Nyeusi zikavuka kutafuta nafasi. Pamoja nao walikuwamo watu wa Barbados, waliokuwa wamekwisha kufika tangu mwanzo wa karne, watu wa kisiwa cha miwa ambako ardhi ilikuwa ya wenye mashamba makubwa na mtu wa kawaida angeweza kuishi na kufa bila kumiliki kipande chake. Hawakutaka kupanga. Walitaka nyumba. Waliweka akiba kwa upatu, ambao watu wa Karibi huuita susu, kila mmoja akichanga na kila mmoja akipokea kwa zamu, mpaka ikapatikana rubuni ya kuanzia.

Benki hazikuwa upande wao. Shirika la serikali lililoundwa mwaka 1933 kuokoa wenye nyumba waliolemewa na mikopo lilichora ramani za miji kwa rangi nne, na rangi nyekundu ikawekwa pale palipohesabiwa kuwa hatari kukopesha. Wathamini waliandika kuwapo kwa watu Weusi kama dosari ya mtaa, sawasawa na paa linalovuja. Bedford-Stuyvesant ilipakwa nyekundu. Aliyenunua humo alinunua kwa mkopo wa riba ya juu au kutoka kwa dalali aliyezidisha bei, na ili aweze kulipa ilimbidi azigawe sebule zile ndefu kuwa vyumba vya wapangaji. Chumba cha kulia kikapangishwa. Jiko la gesi likawekwa kwenye korido. Waliopita baadaye wakaona nyumba zilizojaa watu na rangi iliyobanduka wakasema mtaa umeharibiwa na wakazi wake. Ukweli ni kwamba wakazi hao walikuwa wakiilipia nyumba ghali kuliko aliyeijenga, wakiwa na kipato kidogo kuliko chake, tena kwa jiwe ambalo lilikuwa limeanza kudondoka kabla hawajafika.

Paule Marshall alizaliwa Brooklyn mwaka 1929 na wazazi wa Barbados, na riwaya yake ya kwanza, Brown Girl, Brownstones, ya mwaka 1959, ndiyo kitabu kikuu cha nyumba hizi. Silla, mama wa familia, anaitaka nyumba ya jiwe la kahawia kwa nguvu inayotisha. Deighton, mumewe, amerithi kiwanja Barbados na anaota kurudi kujenga huko. Silla anakiuza kiwanja hicho kwa siri, na ndoa haisalimiki. Marshall hamhukumu, na ninamshukuru kwa hilo. Anamwacha msomaji aone gharama ya kila upande.

Kuna maandishi yake mengine, ya mwaka 1983, ninayoyapenda zaidi. Anakumbuka jiko la chini la nyumba ya utoto wake, ambako mama yake na rafiki zake walikusanyika mchana wakitoka kazini. Kazi yao ilikuwa kusafisha nyumba za wazungu. Miaka ya dhiki walisimama kwenye kona za mitaa ya mbali wakingoja mama mwenye nyumba aje awachague kwa kibarua cha siku. Wakirudi walikaa mezani, wakanywa chai, na wakaongea: siasa, Marcus Garvey, vita, wanaume, kisiwa walichokiacha. Marshall, mtoto mdogo kwenye pembe ya jiko, alijifunza uandishi pale. Anasema hivyo wazi, kwamba kabla ya vitabu walimu wake walikuwa wanawake hao.

Jiko hilo lilichorwa kwa ajili ya mtumishi. Mchoraji wake aliliteremsha chini ili sauti na harufu zisipande. Miaka mingi baadaye linakaliwa na watumishi, ndiyo, lakini sasa wamerudi kwao. Wanaingia kwa mlango wa chini kwa sababu ndio ulio karibu na chai. Hakuna mtu juu anayewapigia kengele.

Katika mitaa hiyohiyo na ile ya Harlem, Kiswahili nacho kilipata makazi, na ni habari ambayo haijulikani vya kutosha kwetu. Kundi la wasanii lililojiita Weusi lilianzishwa Harlem mwaka 1965, na jumba lao la maonyesho waliliita Nyumba ya Sanaa. Mwalimu Leslie Campbell, aliyekuwa katikati ya mapambano ya wazazi Weusi kuongoza shule za watoto wao huko Ocean Hill-Brownsville mwaka 1968, alichukua jina la Jitu Weusi, na yeye na wenzake wakafungua Claver Place, Bedford-Stuyvesant, kituo walichokiita The East. Ndani yake, mwaka 1970, ikaanza Uhuru Sasa Shule. Watoto wa Brooklyn walikua humo wakisalimiana kwa Kiswahili. Vizazi viwili tu kabla ya hapo mtu wao angepita mitaa hii kama mfagizi au mpishi.

Wakati huohuo sheria ilikuwa ikibadilika. Kubomolewa kwa stesheni kuu ya Pennsylvania kulikoanza mwaka 1963 kuliuma mji, na Aprili 1965 ikapitishwa sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Brooklyn Heights ikawa mtaa wa kwanza kulindwa, Novemba mwaka huohuo. Mwaka 1968 wapenzi wa nyumba hizi, wengi wao vijana wazungu wenye elimu, waliunda kamati ya kuzihuisha. Walikwangua rangi, wakafumua vyumba vilivyogawanywa, wakazirudisha sebule. Kazi yao ilikuwa nzuri na siipuuzi. Bila wao safu nyingi zingekuwa kifusi. Ila walizoea kusema wamezigundua nyumba hizo, na neno hilo hunikera, kwa maana nyumba waliyoigundua huwa na mama mmoja amesimama dirishani, akiwa ameshailipia kwa miaka thelathini.

Sasa nyumba hizo huuzwa kwa mamilioni ya dola, na mlango wa chini umekuwa mlango wa fleti ya bustani, inayopangishwa ili kodi yake isaidie kulipa mkopo. Machimbo ya Portland yalizama kwa mafuriko ya mwaka 1936 na kimbunga cha mwaka 1938. Juhudi ndogo ya kuyafufua miaka ya 1990 nayo ilikoma mwaka 2012. Kwa hiyo fundi anayetengeneza uso wa nyumba leo hana jiwe. Hukwangua lililooza hadi afikie gumu, akapaka tabaka la saruji, la pili akalichanganya na rangi ya kahawia, kisha akalikwaruza kwa msumeno au brashi lipate sura ya jiwe. Sehemu kubwa ya ukahawia anaousifu mtalii wa Brooklyn ni saruji hiyo, na imelipiwa na wale waliobaki.

Hao ndio wanaowindwa leo. Ajuza aliyefuta deni lake zamani, aliyebaki nyuma kidogo kwa kodi ya jengo au bili ya maji, hupigiwa simu, huandikiwa barua, hubishiwa hodi na mtu mwenye tabasamu anayeahidi kumsaidia kupata mkopo nafuu. Anawekewa rundo la karatasi asaini. Ndani ya rundo kuna moja inayohamisha hatimiliki. Mara nyingine sahihi inaghushiwa kabisa. Mara nyingine mlanguzi humtafuta mrithi wa mbali, akanunua fungu lake dogo la urithi, kisha akaenda mahakamani kudai nyumba nzima iuzwe. Ni wizi wa nyumba bila kuvunja mlango wowote, nao umewapata hasa wazee Weusi wa Brooklyn ya kati, kwa sababu thamani yote ya familia iko katika kuta zile na hakuna wakili aliyewahi kuzihesabu. Mwaka 2024 sheria ya jimbo la New York iliutambua wizi wa hatimiliki kuwa kosa la jinai linalosimama lenyewe. Idara ya Fedha ya jiji nayo ina utaratibu ambao mwenye nyumba hujiandikisha ili ajulishwe hati yoyote inapowasilishwa kwa jina la jengo lake. Kujiandikisha ni bure. Atakayesoma haya naye ana shangazi au nyanya Brooklyn, amwandikishe wiki hii.